Anayeumwa ni Nani?

Miongoni mwa maandiko yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, zimo kumbukumbu za wagonjwa 42. Zinafuata ugonjwa siku kwa siku: homa ilipanda lini, mgonjwa alilala au alikesha, mkojo ulikuwa wa rangi gani. Zaidi ya nusu yao walikufa, na mwandishi hakuficha. Kinachonivuta zaidi ni jambo dogo. Mara nyingi anaanza kwa kutaja mgonjwa alikoishi: Philiscus alikaa karibu na ukuta, mwingine karibu na hekalu. Kabla ya kuwa na homa, mtu alikuwa na mahali.

Kitabu kingine cha jadi hiyohiyo, Hewa, Maji na Mahali, kinaenda mbali zaidi: tabibu akifika mji asioujua aanze na pepo zinazovuma, maji wanayotumia watu, na jinsi wanavyoishi. Tabibu wa namna hiyo angefika Ngumbo, mkoani Ruvuma, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, siku isingekwisha kabla hajaona kwamba ziwa limeingia katika kila kitu. Akina mama wanafua na kuosha vyombo, watoto wanaoga, wavuvi wanaingia majini mpaka kiunoni kusukuma mitumbwi. Na katika ziwa hili, penye maji tulivu na majani, ndipo hukaa konokono wanaotoa vimelea vya kichocho, vinavyopenya ngozi ya mtu bila mwenyewe kujua.

Dawa ipo. Katika kampeni za kumeza dawa shuleni, mtoto husimama wima kwenye fimbo yenye alama, visigino chini, macho mbele, na alama inayogusa utosi inasema ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Wapo watakaosema fimbo hiyo ni ushahidi wa tiba iliyomsahau mtu. Nakataa. Fimbo haiulizi mtoto ni wa nani. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji na yatima, wakilingana kimo, wanapata vidonge sawa. Na mahali ambapo kujuana kunaweza kumpitisha mtu mbele ya foleni, kutojulikana nako ni heshima. Anayedai tiba imtazame mtu akubali kwanza kwamba mtu huyo anaweza kuwa mgeni kabisa kwake.

Ila fimbo inapima kimo tu. Mtoto akishameza anarudi kwenye maji yaleyale, na anaweza kuambukizwa upya. Tukimwambia asiingie ziwani, tumempa nini? Pasipo na bomba, agizo hilo ni lawama iliyovaa koti jeupe. Upande wa Malawi, watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na uvuvi uliopita kiasi wa samaki wanaokula konokono. Basi damu kwenye mkojo wa mtoto ina historia inayopitia kwenye matundu ya nyavu, na hadubini haiwezi kuionyesha.

Siidharau maabara, wala vifaa vya tabibu. Mwaka 1816, huko Paris, tabibu René Laennec aliviringisha karatasi, akaiweka kifuani mwa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo, akasikia mapigo waziwazi kuliko alivyozoea kwa sikio tupu. Mwili ukaanza kuaminiwa kuliko maneno ya mwenye mwili, na wengi wamepona kwa sababu hiyo.

Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwongozo wa huduma zinazoweka watu katikati. Naupokea kwa mikono miwili, ila nauliza: watu gani, na wangapi? Mwanaanthropolojia John Janzen, aliyechunguza uponyaji miongoni mwa watu wa kabila la Wakongo huko Zaire ya Chini (leo sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) na kuchapisha kazi yake mwaka 1978, alikuta kwamba ndugu ndio waliokaa, wakabishana, wakaamua mgonjwa apelekwe hospitali au kwa mganga wa jadi. Aliyewahi kuuguza mtu mkoani Ruvuma haoni ajabu. Shangazi anakoroga uji nje ya wodi. Kaka anatafuta nauli ya kwenda Liuli, kwenye Hospitali ya Mtakatifu Anna, au ya kupanda milimani hadi Litembo. Bibi ndiye anayekumbuka homa ilianza lini. Daktari akiwatoa wote nje ili abaki na mgonjwa, amebaki na sehemu tu ya mgonjwa.

Hata hivyo ndugu haohao wanaweza kumfunika. Mwanamke anayetaka kupanga uzazi, kijana anayehofia VVU, mke ambaye mumewe ndiye anayeeleza jeraha lake: hawa wanahitaji mlango ufungwe. Utu wa mgonjwa umo ndani ya jamaa zake, lakini si mali yao. Kwa hiyo swali la kwanza la mganga wa zahanati lingekuwa hili: mama, ungependa nani abaki hapa tukiongea? Na aliulize wakiwa wawili tu, maana mbele ya mama mkwe jibu ni moja. Ndiyo sababu nikisikia mjadala wa huduma inayomjali mtu, nataka kwanza kujua kama zahanati ya kijiji ina chumba chenye mlango unaofungika, na wahudumu wawili, ili mmoja aendelee na foleni wakati mwenzake anasubiri jibu.