Sikio Halina Mlango

Jicho lina kope, kinywa kina midomo. Ukichoka kutazama unafumba, ukichoka kusema unanyamaza. Sikio, ndugu msomaji, halina mlango. Hata ukilala fofofo, lenyewe liko zamu kama mlinzi wa usiku. Ndiyo maana pikipiki yenye ekzosi iliyokatwa inapopita Manzese saa nane za usiku haina haja ya kupiga hodi. Inaingia moja kwa moja hadi kitandani, inamkuta mtoto, mgonjwa, na mama ntilie anayetakiwa kuamka saa kumi kuwasha jiko.

Nimeitaja hodi kwa makusudi. Adabu yetu ya zamani ni kwamba unapiga hodi, ukikaribishwa unaingia, ukipiga mara tatu na ndani kimya, unageuza. Neno hilo dogo limebeba falsafa nzima. Linasema kwamba aliye ndani ana haki ya kukukataa, na wewe uliye nje unakubali kukataliwa. Sasa tujiulize: je, kelele si kuingia kwa mtu bila hodi? Na kijana anayetaka dunia imsikie, haki yake inaishia wapi?

Tusianze kwa kulaani. Tuanze na chuma chenyewe. Injini ya pikipiki ni mfululizo wa milipuko midogo, na kila mlipuko unasukuma nje gesi ya moto kwa kishindo. Ekzosi ya kiwandani haikuwekwa iwe urembo. Ndani yake kuna vyumba na mabomba yenye matundu. Mawimbi ya sauti yanagongana humo, yanapunguzana nguvu, na kinachotoka ni mngurumo tu. Fundi akiyakata na kuyatoa, au akifunga bomba tupu la dukani, kishindo kinatoka kizima kizima. Na vipimo vya sauti vina ujanja wake: ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti inazidi mara 10, na sikio linaihesabu kama mara mbili hivi. Halafu kuna wale wanaozima na kuwasha swichi wakiwa mwendoni. Petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi yenye moto, kisha paa! Mtaa mzima unadhani ni bunduki.

Kwa nini wanafanya hivyo? Nenda kijiweni ukawaulize masela, utapewa sababu tatu.

Ya kwanza, eti chombo kinapata nguvu. Kwenye pikipiki ya mashindano, iliyopangwa upya injini na kabureta, bomba jepesi linaweza kusaidia. Lakini kwa pikipiki ya CC 125 au 150 inayobeba abiria, kukata ekzosi bila kugusa kabureta hakuongezi cha maana. Mara nyingine mchanganyiko wa hewa na petroli unavurugika, chombo kikawa kizito kwenye mwendo mdogo. Kinachoongezeka ni hisia ya nguvu tu.

Ya pili, usalama. Dereva wa daladala asiyekuona, atakusikia. Sababu hii ina uzito, maana bodaboda wanakufa kweli barabarani. Lakini ekzosi inatazama nyuma, na hatari nyingi zinatoka mbele. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Harry Hurt huko Marekani, uliotolewa mwaka 1981, ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilizoleta ajali za pikipiki zilikuwa mbele ya dereva, ndani ya nyuzi 45 kushoto au kulia. Taa inayowaka mchana na koti linalong'aa vinamwambia anayekuja kwamba uko hapo, tena bila kumwamsha mtu.

Ya tatu husemwa kwa kicheko, na nadhani ndiyo ya kweli: wanataka watu wajue kwamba wamepita. Hapo tusicheke nao. Mfikirie kijana huyo. Chombo si chake, ni cha tajiri, na jioni lazima apeleke hesabu. Trafiki anamsimamisha, abiria anamwita "we boda" kana kwamba mama yake hakumpa jina. Kutwa anapisha mashangingi. Kisha anagundua kwamba kwa kuzungusha mkono wa kulia tu, mtaa mzima unageuka. Kelele ile ni sentensi fupi: na mimi nipo. Anayemwita mshenzi na kuishia hapo hajamwelewa.

Lakini sentensi hiyo inamfikia nani? Masaki kuna kuta ndefu, vioo vilivyofungwa na kiyoyozi. Mlio unafika umeshachoka. Tandale na Mbagala nyumba nyingi dirisha ni wavu, dari hakuna, na ukuta wa chumba chako ndio ukuta wa jirani. Anayeamshwa ni mlinzi aliyetoka zamu, mwanafunzi wa kidato cha nne, au mama wa dereva mwingine. Jiwe lililorushwa kwa wakubwa linawaangukia wadogo wenzake.

Mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer aliandika mwaka 1851 akilalamikia milio ya mijeledi ya waendesha mikokoteni. Kwake kelele ilikuwa adui wa fikra, na wasioudhika nayo aliwaona hawana akili za kuudhiwa. Hapo mzee alipotoka. Aliutetea usingizi wa wenye vitabu, akawasahau wafua nguo na wabeba mizigo. Usingizi ni mali pekee ambayo maskini anaipata bila kulipia, na ndiyo inayompa nguvu ya kuamka kesho akahangaike tena. Huko Paris, shirika la Bruitparif linalopima kelele lilikadiria kwamba skuta moja yenye ekzosi iliyochezewa, ikikatiza jiji usiku, inaweza kuamsha watu hadi 10,000. Dereva mmoja, watu elfu kumi, na hakuna hata mmoja aliyeitikia hodi.

Utaniambia: mbona baa zinakesha na spika nje, mbona misafara ya wakubwa ina ving'ora? Ni kweli. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2015, na zikimkamata bodaboda peke yake zikaiacha baa, zitafundisha kwamba kelele ni haki ya mwenye pesa. Kwa hiyo tudai sheria ipime wote kwa kipimo kimoja. Ila kosa la mwenye baa halinipi mimi ruhusa ya kumwamsha mtoto wa jirani.

Lugha yetu ina hekima hapa. Inatofautisha kusikika na kusikilizwa. Kusikika ni rahisi, hata debe tupu linasikika. Kusikilizwa kunahitaji hiari ya mwingine: anaweza kukupa sikio, anaweza kukunyima, na thamani iko katika kule kupewa. Ekzosi iliyokatwa inampa kijana la kwanza na kumnyang'anya la pili, kwa sababu mtu uliyemwamsha saa nane hatasimama upande wako siku utakapoonewa na trafiki. Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaojifunza kuandika. Ni mara ngapi tunapiga makelele kwenye karatasi tukidhani tumesema?

Vijiwe vingi vina mwenyekiti na katibu. Vinaweza kukubaliana vyenyewe kwamba pikipiki isiyo na ekzosi kamili haipangi foleni hapo, kabla trafiki hajaja na faini yake. Kurudisha vile vyumba vya ndani ni kazi ya fundi. Kisha waende pamoja kwa mtendaji wa mtaa, wapige hodi, waseme yale waliyokuwa wanataka kuyasema kwa moshi na kishindo: hesabu za tajiri, faini za kubambikiwa, wenzao waliokufa barabarani. Na sisi tuliolala vizuri usiku huo, je, tutawaitikia karibu?