Kidole Gumba cha Albert

Watafiti waliomfanyia jaribio walimwita Albert. Mama yake alikuwa akinyonyesha watoto wa watu katika hospitali ya watoto ya Harriet Lane, Baltimore, Marekani, na yeye alikulia humo humo. Alikuwa mtoto mtulivu, halii ovyo. Utulivu huo ndio uliomponza, maana kwa sababu hiyo watafiti hao walimchagua.

Wakati huo mwanasayansi Pavlov wa Urusi alikwisha kuonyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula, mwishowe hudondokwa na mate kwa mlio peke yake. Mwanasaikolojia John B. Watson akataka kujua kama hofu nayo hufundishika hivyo. Yeye na msaidizi wake, Rosalie Rayner, walichapisha matokeo yao mwaka 1920.

Walipoanza kumfundisha hofu, Albert alikuwa na miezi 11. Wakamletea panya mweupe, ambaye hapo awali hakumwogopa hata kidogo. Aliponyoosha mkono amguse, nyuma ya kichwa chake nondo ya futi 4 ikapigwa nyundo. Akaruka kwa mshtuko, akaanguka, akaficha uso godoroni. Panya na kishindo viliambatanishwa mara 7, katika siku mbili zilizoachana kwa wiki moja. Kisha panya akaletwa bila kishindo. Mtoto akaangua kilio, akageuka, akatambaa mbio hata wakamdaka kwa shida kabla hajafika ukingoni mwa meza.

Siku 5 baadaye alilia alipoletewa sungura. Mbwa pia alimtisha, na koti la manyoya likamliza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka hana namna ya kuiambia hofu yake iishie kwa panya.

Jambo linaloniuma zaidi wameliandika wenyewe. Albert alipozidiwa alitia kidole gumba mdomoni, na papo hapo akatulia. Kwa kuwa walikuwa wakimpiga picha za sinema na kilio kilihitajika, walikichomoa kidole hicho mara kwa mara. Faraja pekee aliyojipatia mwenyewe ikawa kizuizi cha kazi yao.

Aliondoka hospitalini kabla hofu haijaondolewa. Njia za kuiondoa walizitaja katika makala yao, hakuna waliyomjaribia.

Nikisoma habari hii humfikiria mwalimu anayeingia darasani na kitabu cha hesabu mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Anakusudia kufundisha kugawanya. Lakini akili ya mtoto haijui makusudio ya mtu. Hushika kilichokuwa karibu na maumivu. Kilichokuwa karibu ni hesabu, na chaki, na sauti ya mwalimu, na pengine shule nzima. Mzazi anayemkemea mtoto mezani kila siku naye asishangae chakula kikikataliwa.

Lakini hofu huweza pia kuondolewa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika juu ya Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyemwogopa sungura. Peter akiwa anakula chakula akipendacho, sungura aliwekwa mbali, ndani ya kizimba. Hatua kwa hatua alisogezwa kwa kadiri mtoto alivyostahimili. Kuna siku hofu ilirudi, wakaanza tena kwa subira ile ile. Mwishowe Peter alimpapasa sungura, akamwachia amng'ateng'ate vidole.