Mji Uliojengewa Baiskeli, Ukapanda Gari

Anayechora mtandao wa njia za baiskeli za mkoa mzima hupenda kuamini kwamba kazi yote ni kuunganisha: ziba pengo hili, vusha ile barabara kuu, watu watakuja wenyewe. Kabla hajaipeleka ramani yake kwa wakubwa, na aitazame Stevenage.

Mji huu ulio kaskazini mwa London ndio wa kwanza kutangazwa chini ya Sheria ya Miji Mipya ya Uingereza ya mwaka 1946. Mhandisi wake, Eric Claxton, mwenyewe mtu wa baiskeli, alipewa kile ambacho wenzake wengi hukiota tu: mashamba matupu na ruhusa ya kupanga kila kitu upya. Hakuridhika na mstari wa rangi pembeni mwa lami. Kando ya barabara kuu alijenga njia za baiskeli pana, laini, zilizotengwa na magari na hata na waendao kwa miguu. Penye kipilefti, magari yalizunguka juu, baiskeli zikapita chini. Ufundi wake hapo unapendeza kweli. Mpanda baiskeli hahitaji kimo cha lori, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuchimba sana. Barabara iliinuliwa kidogo, njia ikashushwa kidogo, na kasi ya kushuka ikamsaidia mtu kupanda upande wa pili. Ungeweza kutoka nyumbani hadi kiwandani bila kupishana na gari hata moja.

Lakini Claxton aliwafadhili wenye magari pia. Baiskeli zilipoondoka barabarani, barabara zikabaki nyeupe, foleni hakuna, maegesho tele. Aliyekwenda dukani kwa gari alifika upesi bila karaha yoyote. Aliache kwa nini? Katika sensa ya 2011, waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa kama 3 katika kila 100, takriban sawa na miji ya Uingereza ambayo haijapata hata robo ya njia hizo.

Wapo wanaosingizia mvua, au uvivu wa Waingereza. Mvua ya Uholanzi nayo si haba. Huko, katika mji wa Houten uliopanuliwa kuanzia miaka ya 1970, gari linalotoka mtaa mmoja kwenda mwingine hulazimika kutoka hadi barabara inayouzunguka mji, kisha kuingia tena kwa mlango mwingine. Baiskeli hukata moja kwa moja katikati. Kwa hiyo mwenye haraka hupanda baiskeli, awe anaipenda au haipendi.

Wapangaji wa miji hukwepa kulizungusha gari hivyo, na sababu yake inaeleweka: njia mpya humpa mwanasiasa utepe wa kukata, ilhali gari lililofungiwa njia humpa barua za hasira. Houten waliwahi kuamua kabla mitaa mipya haijajengwa wala wenyeji wake hawajazoea kupita. Stevenage nao walikuwa na nafasi hiyo hiyo.