Kumnenea Mgombea ni Ushahidi

 

Enyi ndugu zangu wa pwani, wengi wenu mna biashara Iringa na Mbeya, na wengine mmekwisha fanya makazi huko, watoto wenu wamezaliwa huko, na majina yenu yamo katika daftari za wapiga kura za huko. Kila ufikapo uchaguzi, wenyeji huwauliza, "Bwana, nyinyi mwamwonaje fulani?" Kwani neno la mwenye duka husikizwa, na la mwalimu wa madrasa husikizwa zaidi. Basi mtu hujibu upesi huku anakunywa kahawa, akamsifu huyu kwa kuwa ni jirani, na yule kwa kuwa jina lake ni Ali. Hajui kwamba amekwisha toa ushahidi.

Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba mwenye kuombea jema hupata fungu katika jema hilo, na mwenye kuombea baya hupata fungu katika ubaya wake. Na kumnenea mgombea ni nini, kama si kumwombea kwa watu apewe amana? Akiisha kuketi kitini akala haki ya yatima, wewe uliyemnenea hali wamjua, u mshirika wake, wala haikufai kusema, "Mimi sikula hata senti."

Nawakumbusheni habari ya mwaka 1958. Serikali ya Mwingereza iliweka Tanganyika uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura ampigie Mwafrika mmoja, na Mzungu mmoja, na Mhindi mmoja, akimwacha mmoja, kura yake yote imebatilika. Tena hakupiga kura kila mtu, illa mwenye pato la pauni 150 kwa mwaka, au mwenye elimu au kazi iliyotajwa katika sheria. Yalikuwa masharti ya dhulma, hapana shaka. Na chama cha UTP, kilichopendwa na Gavana Twining, kiliutetea mpango huo wa kuyalinganisha mataifa matatu katika viti hali hayalingani kwa idadi, kikauita ushirika.

TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari mwaka ule, na wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawavuta waingie. Hapo likazuka suala ambalo ndilo letu leo: ikiwa sharti tumpigie Mzungu, tumpigie yupi? Wakaazimia kumnenea yule aliyekubali usawa wa watu. Katika Nyanda za Juu Kusini akanenewa John Mwakangale katika kiti cha Mwafrika, na katika kiti cha Mzungu bibi mmoja mzaliwa wa Marekani, mkaaji wa Iringa, Lady Marion Chesham. Wakashinda wote wawili. Na mwaka 1962 Nelson Mandela, alipotoka kwao kwa siri akafika Mbeya, alistaajabu kuona hotelini weusi na weupe wameketi wakizungumza; naye alipokewa kwa jina la Mwakangale huyo huyo. Sisemi kura ile peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Nasema ilikuwa na fungu lake.

Atauliza mtu, "Vipi Muislamu amnenee asiyekuwa wa dini yake?" Namjibu: Mtume (s.a.w.) alipohajiri, roho yake na ya Abu Bakr walizitia mikononi mwa Abdullahi bin Uraiqit, naye hakuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mwaminifu na mjuzi wa njia. Na kabla ya hapo aliwapeleka masahaba zake Uhabeshi kwa mfalme Mkristo, kwa kuwa kwake hakudhulumiwa mtu.

Lakini sitaki kuificha upande wa pili. Mwaka ule ule Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, aliuliza fungu la Waislamu litakuwa lipi baada ya uhuru, akafukuzwa chamani. Mimi naona suala lake lilikuwa la haki, kwani watoto wetu walikuwa nyuma katika shule, na kulijibu kwa kumfukuza muulizaji hakukuwa jibu. Ila dawa yake si kumchagua kila mwenye kanzu. Dawa ni kumuuliza kila mgombea, mwenye kanzu na asiye nayo, suala lile lile, na kulisimamia hata baada ya kura.

Na mumuulize mambo ya karibu. Halmashauri zimeamrishwa kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yao ya ndani ziwe mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Je, diwani huyu atasimama orodha isomwe hadharani, au itajaa shemeji zake? Katika bonde la Usangu, maji ya mfereji yakipungua, mwenye shamba la mwisho hupata nini? Mjane akitolewa shambani mwa mumewe, mwenyekiti wa kijiji atasema ndiyo mila, hali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataza kumbagua mwanamke, na Kurani ilikwisha mpa fungu lake kabla ya sheria zote hizo?

Ama yule agawaye sukari na kofia usiku wa kuamkia kura, mkumbukeni Abdullahi bin Rawaha. Alipelekwa Khaibar kukadiria tende, wenyeji wakamtolea mapambo ya wake zao awapunguzie. Akayakataa, akawaambia kwamba kutowapenda kwake hakutamfanya awadhulumu. Na wao wenyewe, waliotaka kumhonga, wakakiri kwamba kwa uadilifu kama ule ndipo mbingu na ardhi zimesimama.

Jambo moja limesalia. Mimbari si pahali pa kutaja jina la mgombea. Swala ya Ijumaa ni ya wote, na aliyeshindwa naye ataka kusimama safuni bila ya kuona haya. Khatibu na ataje sifa, majina yaachwe barazani. Na huko barazani ukiulizwa habari za mtu usiyemjua, sema, "Simjui," unywe kahawa yako.