Chakula cha Halali na Chema

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wale vilivyomo katika ardhi, na amevisifu vyakula hivyo kwa sifa mbili: viwe halali, na viwe vyema. Waislamu wengi wameishika sifa ya kwanza kwa bidii, wakauliza mnyama kachinjwa na nani. Walakini ya pili wameisahau, kana kwamba haikuteremshwa. Mtu akijibiwa kuwa kitu ni halali, hula bila ya kuuliza kitamfanya nini mwilini, wala kitamfanya nini mtoto wake.

Khabari ya mchele yatosha kuwa mazingatio. Mpunga ukitwangwa kinuni hutoka kumvi, na punje hubakiwa na sehemu ya utando wake mwembamba. Zilipokuja mashine, zilisugua hata utando ule ukatoka wote ukawa wishwa, na mchele ukabaki mweupe wa kung'aa. Watu wakaupenda kwa weupe wake.

Huko Java, nchi ya Waislamu wengi, zama za utawala wa Waholanzi, maradhi ya beriberi yaliwashika watu wengi. Miguu hulegea isiweze kuuchukua mwili, na moyo hudhoofika hata mtu akafa. Daktari Christiaan Eijkman aliwaona kuku wake nao wamelegea miguu. Alipochungua akajua kuwa walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia jikoni kwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa kuwapa kuku wa kiraia mchele wa askari. Wakarudishiwa mchele usiosuguliwa, wakapona. Mwaka 1897 daktari Vorderman alitangaza khabari za magereza 101 ya kisiwani humo: palipoliwa mchele mweupe beriberi ilienea, na palipoliwa mchele wenye utando ilikuwa nadra. Mwaka 1926 Jansen na Donath, papo hapo Java, waliitoa katika utando ule dawa yenyewe, nayo ndiyo iitwayo leo vitamini B1.

Basi wafungwa wale hawakuugua kwa nguruwe wala kwa mzoga. Waliugua kwa wali, nao ni halali. Lililowafaa lilitupwa pamoja na wishwa.

Wala asije mtu kwa khabari hii akauharamisha wali mweupe, kwani kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu ni dhambi. Mwenye kuula kwa samaki, kunde na mchicha hupata katika hivyo alichokosa katika punje. Lawama ni ya baba mwenye uwezo anayenunua mchele mweupe apate sifa kwa wageni, ilhali wanawe hushinda kwa chai ya sukari na mkate mweupe, siku nenda siku rudi, pasina mboga wala maharage. Kadhalika afungaye Ramadhani mchana kutwa, kisha jioni akajaza tumbo vinywaji vitamu na vya kukaangwa, hujitafutia maradhi ya kisukari katika mwezi wa rehema. Mtume (s.a.w.) alifundisha tumbo ligawanywe mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi, na alifundisha kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe.

Mwili ni amana, na mtoto ni amana kubwa zaidi, kwani hajichagulii chakula. Hula anachowekewa. Siku ya Kiyama mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake. Je, atajibu nini aliyelilisha halali akaliacha lidhoofike?

Mwenyezi Mungu awaruzuku Waislamu vilivyo halali na vilivyo vyema, na awape akili ya kuvitambua. Amin.