Tawakali Haitangulii Swali

Mwanamke aliyechanika vibaya alipojifungua mtoto wa kwanza huanza kuulizwa habari za mtoto wa pili kabla hajajua kama jeraha lake limepona. Akisema anaogopa, huambiwa amwachie Mungu. Akisema anataka kupanga mapema atajifungulia wapi, kwa mikono ya nani na kwa njia ipi, wapo watakaomwona kama mtu anayetaka kumpangia Muumba. Maneno hayo husemwa na Waislamu na Wakristo, mara nyingi kwa nia njema. Ndiyo maana yanastahili kupimwa kwa hoja badala ya kupuuzwa. Dai langu ni kwamba yanapindua utaratibu wa dini yenyewe. Kutawakali ni hatua ya mtu aliyekwisha kuuliza, kupima na kuchagua. Na subira ni wajibu mbele ya lile lisiloweza kuondolewa. Kumdai mwanamke subira kabla hajachunguzwa ni kumtoza deni asilokopa.

Tuanze na jeraha lenyewe, maana hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo. Wakunga na madaktari hugawa kuchanika kwa msamba katika ngazi nne. Ya kwanza ni ya ngozi tu, na ya pili hufika kwenye misuli ya msamba. Hizi mbili huwapata wengi na kwa kawaida hupona vizuri. Ya tatu hukata misuli inayobana njia ya haja kubwa, na ya nne hupita misuli hiyo hadi kwenye utando wa ndani wa njia yenyewe. Mwongozo wa mwaka 2015 wa chama cha kitaaluma cha madaktari wa uzazi wa Uingereza unakadiria kuwa ngazi hizo mbili za mwisho huwapata wanawake kama 6 kati ya 100 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza, na chini ya 2 kati ya 100 kwa waliokwisha kuzaa. Wakishonwa ipasavyo, 60 hadi 80 kati ya 100 hawana dalili yoyote baada ya mwaka mmoja. Katika uzazi unaofuata, jeraha la namna hiyo hurudi kwa 5 hadi 7 kati ya 100. Takwimu hizo ni za nchi yenye wodi zilizokamilika, na hazihamishiki zilivyo hadi Lamu au Tandahimba. Hata hivyo zinafundisha kwamba swali la uzazi wa pili halina jibu moja kwa wote. Wengi wamepona na wanaweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida. Wachache wamebaki na udhaifu ambao uzazi mwingine unaweza kuuzidisha. Nani yuko upande gani hujulikana kwa kuulizwa na kuchunguzwa, wala si kwa kukisia.

Hapo ndipo aibu inapofunga mlango. Mwanamke asiyeweza kuzuia upepo, au asiyewahi kufika chooni, hasemi kitu. Akiwa Muislamu, anaweza kudhani kwamba kwa kuwa udhu wake haudumu, sala yake haifai, akajitenga na darsa na jamaa. Akiwa Mkristo, anaweza kuhamia benchi la karibu na mlango, kisha akaacha ibada kabisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tumeongeza sharti la kimyakimya kwamba akishazaa arudi kujificha. Dini haikuanza na aibu hiyo. Wanawake wa Madina walimuuliza Mtume waziwazi kuhusu damu isiyokatika, na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kutokana na maswali ya aina hiyo fiqhi ikapata hukumu ya mwenye hadathi ya kudumu, yaani anayetokwa mfululizo na kinachotengua udhu: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi mwambaoni kwetu, hujisafisha, hujihifadhi, hutawadha baada ya wakati wa sala ya faradhi kuingia, kisha husali bila kukawia, na kinachomtoka bila hiari hakiibatilishi sala yake. Wepesi huo wa sheria ulizaliwa na swali. Lau wale wanawake wangenyamaza kwa jina la subira, vizazi vilivyofuata vingerithi dhiki yao badala ya ufumbuzi.

Pingamizi la kwanza ni la kadari: lililoandikwa litakuwa, kupanga kunaongeza nini? Swali hili lina umri mrefu, na jibu lake pia. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham alipofika Sargh na kupata habari kwamba tauni imeingia huko. Hakuendelea na safari ili kuonyesha imani. Aliwaita Muhajirina, akawaita Ansari, akawaita wazee wa Kikureshi, akawasikiliza wakitofautiana, ndipo akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kuelekea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akamtolea mfano wa mchunga ngamia anayechagua kati ya bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapolisha, atalisha kwa kadari. Uzito wa jibu hilo ni kwamba kadari imezizunguka pande zote mbili za uamuzi, kwa hiyo haiwezi kuwa hoja ya upande mmoja. Anayemkataza mwanamke kupanga kwa sababu yote yameandikwa hana budi kukubali kwamba hata kupanga kwake kumeandikwa. Tena Umar alirudi kwa sababu alipata habari, na jeraha la kwanza nalo ni habari. Zaidi ya hayo, kuna tofauti ya kimaadili ambayo hatuisemi: anayetawakali kwa mwili wake ametoa kilicho chake, lakini mume au mama mkwe anayetawakali kwa mwili wa mke amejitolea kwa mali ya mwingine.

Pingamizi la pili linasema uchungu wa uzazi umeamriwa, hivyo kuukwepa ni kukwepa amri. Wakristo hutegemea sura ya tatu ya Mwanzo. Daktari James Young Simpson alikutana na hoja hiyo Edinburgh mwaka 1847, alipoanza kuwapa klorofomu wanawake waliokuwa wakijifungua, na mwaka huo huo akaijibu kwa maandishi. Alikumbusha kuwa sura hiyo hiyo inamtangazia mwanamume miiba na jasho, na hakuna aliyewahi kuona dhambi kung'oa miiba shambani. Mwaka 1956 Papa Pius wa Kumi na Mbili alitamka kwamba kupunguza uchungu wa kuzaa hakupingani na Maandiko. Kwa upande wa Kiislamu, sura ya Maryam inamweleza mama aliyezidiwa na utungu chini ya mtende hadi akatamani angalikwisha kufa. Hakukemewa kwa kauli hiyo. Aliliwazwa, akaonyeshwa kijito cha maji, akaambiwa atikise shina tende zimwangukie. Mwenye uwezo wa kuziangusha tende bila mkono wake alitaka mkono wake uguse shina. Wengine wataleta hadithi inayomhesabu shahidi mwanamke anayekufa kwa uzazi. Hiyo ni faraja kwa aliyefikwa, haikuletwa kuwa mpango wa kumfikisha huko. Aliyekufa maji naye ametajwa miongoni mwa mashahidi, na hakuna nahodha anayeacha maboya ufukoni kwa ajili hiyo.

Pingamizi la tatu linatoka upande wa pili kabisa: kama ni kupanga, basi apasuliwe tu, mambo yaishe. Hapa pia pupa inajifanya busara. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanawake wapatao 5 katika kila 1000 waliojifungua kwa upasuaji walifariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Wengi wao walipasuliwa kwa dharura, na upasuaji uliopangwa una hatari ndogo kuliko huo. Lakini kisu si njia isiyo na gharama, na kila kovu la mfuko wa uzazi huongeza uwezekano wa kondo kujishika vibaya katika mimba zijazo. Kwa mwanamke anayetaka watoto wengi, hilo ni jambo la kupimwa. Kwa hiyo mwanamke asiye na dalili, ambaye misuli yake imeungana vizuri, ana sababu nzuri ya kuchagua njia ya kawaida akiwa na mkunga mzoefu; na mwenye dalili, au ambaye uchunguzi umeonyesha misuli imebaki na kasoro, ana sababu nzuri ya kuelezwa kuhusu upasuaji na kuuomba. Wote wawili wamepanga. Anayemsifu mmoja kwa imani na kumlaumu mwingine kwa woga ameacha kuangalia jeraha, anahukumu njia ya kutokea mtoto.

Nani basi aamue? Sura ya Al-Baqara, inapozungumzia kunyonyesha, inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na inataka hata kuachishwa ziwa kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili. Ikiwa ziwa linahitaji mashauriano, msamba uliokwisha kuraruka unayahitaji zaidi; na katika mashauriano hayo, mwenye kubeba madhara ndiye mwenye neno zito. Baadhi ya madaktari hupinga kwa hoja ya huruma: tukiwaambia hatari zote, wataogopa na wote wataomba upasuaji. Hoja hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery. Mama mwenye kisukari hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama, kwa kuwa daktari aliona wanawake wakielezwa watachagua kisu. Mtoto alikwama na kupata madhara makubwa. Mahakama iliamua kwamba mgonjwa ana haki ya kujua hatari yoyote ambayo mtu katika hali yake angeiona kuwa na uzito. Dini inayodai uamuzi wenye nia na akili timamu haiwezi kuridhika na kiwango cha chini ya hicho. Na uamuzi huru unaweza pia kuwa kusubiri, au kutozaa tena, bila imani ya mtu kutiwa shaka.

Linabaki pingamizi la mnyonge: kupanga ni anasa ya wenye hospitali nzuri. Ni kweli kwamba vipimo vya picha vya misuli hiyo havipatikani kila mahali, na dhuluma hiyo isifunikwe kwa mawaidha. Lakini sehemu kubwa ya mpango haigharimu mashine. Kumuuliza mama kama anazuia upepo na kama huwahi chooni hakuhitaji umeme. Kuandika ngazi ya jeraha kwenye kadi ya kliniki, ili mkunga wa mara ya pili alijue, kunahitaji kalamu. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya msamba wakati wa kusukuma, na mkono unaozuia kichwa kisitoke kwa kasi, hupunguza kuchanika kukubwa. Kuongezwa njia kwa kukatwa msamba, kukifanywa kwa mazoea pasipo sababu, hakuna uthibitisho kwamba kunakinga. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 ipite kabla ya mimba nyingine, muda unaolingana na miaka miwili ya kunyonyesha iliyotajwa katika Qur'ani kwa anayetaka kuikamilisha. Kwa hiyo imamu au mchungaji anayefuatwa na wanandoa wa namna hii ana wajibu ulio mwepesi kutimizwa: kabla ya kuhimiza subira, aulize kama jeraha limechunguzwa. Ikiwa bado, awapeleke kliniki kwanza. Mawaidha ya subira yatapata mahali pake baada ya majibu.