Kumtazama Ndege na Kumfunga

Mwezi wa Agosti tulikwenda Bungoma na Kitale kuwazuru ndugu zetu, na asubuhi moja tukapanda nao magenge ya Chetambe, juu ya Webuye, walipopigana Wabukusu na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Mwewe walielea chini ya nyayo zetu, mbawa wamezikunjua, hawazipigi. Mmoja akauliza: "Sheikh wetu, huku kutazama ndege si lahwi?"

Jawabu lake ni jepesi. Aya ya 19 ya Surat al-Mulk yawauliza watu kwa nini hawawatazami ndege walioko juu yao, na nani awazuiaye wasianguke. Haliwi upuuzi lile tuliloamrishwa.

Zito lilitukuta kesho yake Saiwa, karibu na Kitale, kinamasi kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Tuliwaona korongo wawili wenye taji, mume na mke, wakienda pamoja majanini. Mwenyeji wetu akatwambia kuwa makinda yao huibwa matunduni yakauzwa yawe mapambo ya nyua za watu, na tangu 2012 ndege hawa wamehesabiwa katika walio hatarini kutoweka. Tukasema: huo ni udhalimu. Kijana mmoja akasema kwa adabu: "Na kasuku wa nyumbani kwenu, Sheikh?"

Tulinyamaza. Hoja tulikuwa nayo, na tumeitumia miaka mingi: Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto Abu Umair na kijidege chake wala hakumkataza. Lakini Abu Daud amepokea pia habari ya masahaba waliotwaa makinda mawili, mama yao akaja akipapatika, na Mtume akaamrisha yarudishwe. Hadithi mbili hizi hazigombani. Ya kwanza yahusu ndege asiyedhulumiwa; ya pili yatutaka tumwangalie mama aliyenyang'anywa. Nasi kasuku wetu wa kijivu, ambaye kwao ni misitu ya Kongo na magharibi yake, tulimnunua Mombasa bila ya kuuliza katolewa tundu gani. Mataifa yalipiga marufuku biashara ya kasuku hao wa mwituni mwaka 2017, na wetu alikuja kabla. Udhuru huo haufai kitu, kwani hadithi ya makinda ilikuwa rafuni mwetu zamani.

Kumwachia sasa ni kumuua, maana hajui kujitafutia. Basi tumempanulia kitundu, na kumlisha ni juu yetu mpaka mwisho wake. Mtoto wetu mdogo ametuuliza kama akifa tutanunua mwingine. Tumemwambia la.